Uvundo Katika Teksi ya Audun

Mwanamke yule alishuka katikati ya mlima wa Sandviken, mvua ikimwagika, na nyumba yake ikiwa bado kilomita mbili mbele.

"Simama hapa," alisema.

"Hapa? Mbona hatujafika, mama?"

"Nimesema simama, kaka."

Audun Hjelle akaisogeza teksi pembeni. Mwanamke akalipa kwa kadi, akafungua mlango, akainua kola ya koti. Kabla ya kuufunga mlango akainama, akasema kwa sauti ya mtu anayeona vibaya kusema lakini hana budi. "Samahani. Siwezi kuvumilia. Gari lako linanuka."

Audun alibaki amekaa, waipa zikienda na kurudi. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na tisa, na ishirini na sita kati ya hiyo aliipitisha nyuma ya usukani katika mji huu wa Bergen. Kila Jumamosi alilifagia gari lake kwa mashine. Hakuvuta sigara wala hakuruhusu mtu kula chipsi ndani. Akavuta hewa kwa pua mpaka mbavu zikamuuma. Hakusikia kitu. Akanusa mkanda wa kiti, akanusa mkono wa koti lake, akageuka akanusa kiti cha nyuma. Hakusikia kitu vilevile. Akajiambia mwanamke yule labda amelewa, au ana mimba.

Wiki iliyofuata wanafunzi wawili walipanda, wakatazamana, wakashusha vioo vyote viwili huku mvua ikiingia. Mmoja akasema, "Mzee, umefuga uyoga humu?" Mwenzake akacheka mpaka akajifunika uso kwa kofia.

Jioni hiyo Audun alimsimulia mkewe kisa cha uyoga kama mtu anayesimulia kichekesho. Torill alikuwa jikoni, akikaanga mikate ya samaki. Alifanya kazi ya kufua nguo katika nyumba ya wazee, na pua yake ilikuwa kali kama ya paka. Hakucheka. Akapunguza moto.

"Audun, ni kweli. Linanuka."

"Gari?"

"Tangu mwezi wa nane."

"Na hukuniambia!"

"Nilikuambia mara mbili. Ukasema ni makoti ya abiria."

Wakashuka pamoja hadi kwenye maegesho chini ya jengo. Audun akawasha gari, akafungulia feni. Torill akarudi nyuma hatua moja, kiganja mdomoni.

"Mungu wangu! Ni kama kikapu cha nguo mbichi zilizosahauliwa wiki nzima. Na uvundo unatokea hapa." Akanyoosha kidole kwenye matundu ya hewa yaliyo kwenye dashibodi.

Audun akasogeza uso mpaka pua ikagusa plastiki. Hewa ya baridi ikampiga machoni.

"Sisikii."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Torill akazima feni. "Na samaki niliyekuwa nakaanga sasa hivi, ulimsikia?"

Audun akafikiri. "Niliona moshi," alisema.

*

Kwa kuwa hakuweza kupima kwa pua yake, alipima kwa wingi. Alinunua vikopo vitatu vya manukato, akavibana kwenye matundu. Akanunua dawa ya kupuliza, akaipuliza mpaka kopo likakauka. Asubuhi ya Jumatatu, saa moja kamili, akaenda kumchukua Mwalimu Borghild.

Borghild Fasmer alikuwa ajuza wa miaka themanini na moja, na alipelekwa hospitalini mara tatu kwa wiki kusafishwa damu, maana figo zake zilikuwa zimechoka. Kwa miaka minne dereva wake alikuwa Audun. Serikali ililipia safari, lakini kubeba mkoba wake, kumshika mkono kwenye ngazi zenye utelezi, na kumsikiliza akiwasema wauguzi, hayo hayakulipiwa na mtu. Alikaa mbele siku zote. Kukaa nyuma, alisema, ni kwa watoto na wafungwa.

Siku hiyo aliketi, akafunga mkanda, kisha akatulia.

"Audun, kijana wangu. Nani amekufa humu?"

"Hakuna aliyekufa, Mwalimu. Ni manukato."

"Manukato nayasikia. Namuulizia yule aliyeoshwa kwa manukato hayo."

Audun akacheka kwa shida. "Kwani bado linanuka?"

"La kuvunda halina ubani. Nimefundisha wavulana miaka arobaini. Namjua yule aliyejipulizia mafuta mazuri badala ya kuoga." Akashusha kioo nusu, na mvua ikaanza kumlowesha kitambaa cha kichwani. "Wewe endesha tu. Usiniangalie."

"Mwalimu, ukitaka, nitaomba wakupe dereva mwingine mpaka nilitengeneze."

"Nani? Wale wanaotazama simu, hata hawaniulizi nimelalaje? Endesha, bwana. Na uangalie kushoto, kioo chako cha pembeni umekikwaruza tena."

"Ni kale kaukuta ka maegesho."

"Kaukuta hakatembei, Audun."

Walipofika hospitalini, bega lake la kulia lilikuwa limelowa chepechepe. Audun aliliona, akamshika mkono, wakapanda ngazi.

*

Jumapili nzima Audun alishinda kwenye maegesho. Alibadili filta ya hewa. Akasugua matundu kwa brashi ya meno na siki. Akanunua povu la kusafishia kiyoyozi, akaingiza mrija wake ndani kama karatasi ilivyoelekeza, akasubiri robo saa, akawasha feni kwa nguvu zote milango ikiwa wazi. Kila baada ya saa moja alipanda ngazi kumwita Torill.

"Njoo unuse."

Torill alishuka, akanusa. "Bado."

Akashuka tena. "Umepungua, lakini upo."

Mara ya nne alikuta mumewe amepiga magoti kwenye saruji, vidole vimekuwa vyekundu kwa siki na baridi, nywele zimeshikana usoni. Alikuwa hajala tangu asubuhi. Aliinua uso kumtazama mkewe kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani.

"Je?"

Torill aliingiza kichwa ndani. Uvundo ulikuwepo. Ulikuwa umejificha nyuma ya siki, lakini ulikuwepo, mzito, chini kabisa.

"Umeisha," alisema.

"Kweli?"

"Kweli. Umeisha kabisa."

Audun akasimama, akamkumbatia kwa mikono ile mibichi, akacheka kwa sauti iliyogonga dari la maegesho. Walipanda juu, akala sahani mbili za viazi na nyama, akapiga mluzi akivua viatu. Torill aliosha vyombo bila kugeuka nyuma. Alijiambia kwamba mabaki yale yatakauka yenyewe, siku mbili tatu.

*

Jumanne mvua ilinyesha pamoja na upepo wa kutoka baharini. Audun alitumwa kumchukua mgonjwa aliyeitwa Leidulf, fundi wa meli mstaafu mwenye mapafu mabovu, aliyetembea na kopo la kuvutia pumzi mfukoni. Aliingia akiwa amelowa, anatetemeka.

"Karibu sana, mzee," Audun alisema. "Nitakuwashia joto mpaka ukauke. Na hewa yangu sasa ni safi, mke wangu mwenyewe ameipima."

Akafungulia joto na feni mpaka mwisho, akageuza matundu yote yamwelekee mgeni wake.

Hawakufika mbali. Leidulf alikohoa mara moja, halafu tena, halafu hakuweza kuacha. Alijaribu kusema neno, akaonyesha dirisha. Audun alidhani anataka kumwonyesha kitu njiani. Alipogeuka vizuri akaona midomo ya mzee imekuwa ya buluu. Alisimamisha gari kando ya kituo cha mafuta, akamtoa nje akiwa amemkumbatia kifuani, akapiga simu ya dharura. Waliokuja na gari la wagonjwa walimfunika mzee uso kwa kifaa cha oksijeni. Mmoja wao aliingia kwenye teksi kuchukua kofia ya mzee, akatoka upesi.

"Wewe dereva," alisema, "unawapakia watu wenye mapafu kwenye pango hili?"

Leidulf hakufa. Alilazwa siku sita. Binti yake aliandika barua ya malalamiko jioni ile ile.

Kjartan, msimamizi wa kituo cha teksi, alimwita Audun kesho yake. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na mitano, mpole, na kwa sababu ya upole wake maneno yake yaliuma zaidi. Aliketi kwenye kiti cha abiria, akawasha feni, akavuta mkono wa sweta yake akajiziba pua.

"Mzee Audun. Wewe mwenyewe husikii?"

"Mke wangu alisema umeisha."

"Mkeo?"

"Pua yangu imeharibika kidogo. Mafua. Yeye ndiye anayeninusia."

Madereva watatu walikuwa wamesimama mlangoni na vikombe vya kahawa. Mmoja akasema, bila kushusha sauti, "Jamani, mnasikia? Huyu anaendesha teksi kwa pua ya mkewe." Wakacheka. Audun alicheka nao. Hakujua afanye nini kingine na uso wake.

"Nakupa mpaka Ijumaa ya wiki ijayo," Kjartan alisema. "Nitalinusa mwenyewe. Likinuka, safari za wagonjwa nimepewa amri nikunyang'anye. Si mimi, mzee. Nina barua mezani."

Bila safari za wagonjwa, Audun angebaki na walevi wa Jumamosi na watalii wa kiangazi.

*

"Ulisema umeisha," alimwambia Torill, akiwa bado na koti mwilini.

Torill alikuwa anakunja mashuka. Akaketi juu yake. "Umejuaje?"

"Nimejuaje! Mtu amegeuka buluu mikononi mwangu, Torill. Nilimpulizia mwenyewe. Niligeuza matundu yamwelekee, nikijisifu."

"Nilikuhurumia. Ulikuwa umepiga magoti pale chini tangu asubuhi."

"Huruma yako ingemuua mtu."

Machozi yalimtoka Torill bila sauti, yakaangukia shuka. Audun alivuta kiti akakaa mbele yake. Hasira ilikuwa imemwisha ghafla, na kilichobaki kilikuwa kibaya kuliko hasira.

"Sikiliza. Sina pua. Kahawa siisikii. Jana maziwa yamechacha nimekunywa. Wewe ndiye pua yangu. Ukinidanganya wewe, nimuulize nani? Wale wa kituoni?"

"Sitakudanganya tena."

"Hata ukiniona nimepiga magoti?"

"Hata nikikuona unalia. Ukweli tu, Audun. Naapa."

*

Edvin alikuwa na gereji ndogo kule Laksevåg, na alikuwa rafiki wa Audun tangu walipokuwa jeshini. Hakunusa sana. Alifungua boneti, akang'oa kifuniko cha plastiki chini ya waipa, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Mkono ulitoka umeshika uji mweusi wa majani.

"Tazama, ndugu yangu. Majani ya msimu uliopita, na ya kabla yake. Yameziba mfereji wa maji. Mvua ikinyesha, na hapa lini hainyeshi, maji hayana pa kwenda, yanaingia ndani." Akafungua mlango, akakanyaga zulia la upande wa abiria. Maji yakachuruzika. "Umekuwa ukisafisha pua ya mgonjwa, na ugonjwa uko tumboni."

Gari lilikaa pale siku nne. Walitoa viti vya mbele, wakalikunja zulia, wakang'oa sifongo iliyokuwa chini yake. Ilikuwa imeota kuvu la kijani, ikaenda kwenye pipa la taka. Edvin alizibua mfereji kwa waya na maji ya mpira. Akafungua dashibodi mpaka kwenye kile kipoza hewa chenyewe, akakiosha kwa dawa mara mbili, akaweka filta mpya, ya mkaa. Mashine ya kukaushia ikanguruma usiku na mchana.

"Na tangu leo," Edvin alisema, "ukikaribia nyumbani zima kiyoyozi, acha feni ipulize dakika tano. Kikauke kabla hujalala. Na majani uyatoe kwa mkono kila wiki. Hiyo ndiyo siri yote, hakuna uchawi."

Siku ya nne walirudisha dashibodi. Kazi ya Audun ilikuwa kufunga skrubu sita ndogo. Ya kwanza ilimponyoka. Ya pili ikamponyoka. Alijikunja kuitafuta chini ya kiti, akarudi, akailenga kwenye tundu, na bisibisi ikawa inagonga pembeni, tik, tik, tik.

"Mkono una nini?" Edvin aliuliza.

"Baridi."

Gereji ilikuwa na joto la kumtoa mtu sweta. Edvin alimchukulia bisibisi taratibu, akazifunga skrubu zote sita. "Gari nimekutengenezea," alisema akiwa amempa mgongo. "Pua siuzi hapa. Nenda kwa daktari. Nasikia kuna dawa za kupuliza. Utakaguaje gari lako mwenyewe bila pua?"

Jambo hilo lilimwingia Audun. Kjartan angekuja na pua yake Ijumaa, lakini wiki zitakazofuata? Akapiga simu, akapata nafasi Alhamisi, siku moja kabla ya ukaguzi. Torill aliomba ruhusa kazini, wakaenda pamoja.

*

Daktari alikuwa mwanamke kijana aliyeitwa Vigdis, mwenye mikono ya baridi na macho yasiyo na haraka. Audun alieleza habari ya gari, ya kuvu, ya ukaguzi wa kesho. "Ninachohitaji ni dawa ya kufungua pua," alisema. "Hata ikiwa ya siku moja."

Daktari alimfumbisha macho, akamwekea vichupa puani kimoja kimoja.

"Hiki?"

"Hakuna kitu."

"Hiki?"

"Maji?"

Ilikuwa karafuu. Torill, aliyeketi kando ya ukuta mita tatu mbali, alikuwa ameisikia.

"Ilianza lini?"

"Mafua ya mwaka jana. Au mwaka juzi."

Daktari akaweka vichupa chini. Hakuandika dawa. Alimwomba Audun agonganishe kidole gumba na cha shahada, haraka haraka, kwanza mkono wa kushoto. Kidole kilienda vizuri. Kisha wa kulia. Kilianza kwa kasi, kikapungua, kikasita, kikasimama hewani. Alimwomba atembee hadi mlangoni na kurudi. Mkono wa kushoto ulipunga. Wa kulia ulining'inia kama wa mtu mwingine. Alimpa karatasi aandike sentensi yoyote. Audun aliandika, "Gari langu ni safi na halina harufu mbaya." Herufi zilianza kubwa, zikaendelea kupungua, na neno la mwisho lilikuwa kama msururu wa sisimizi.

"Haya yote yanahusiana nini na pua?" aliuliza.

"Nitakueleza. Kwanza niambie, unaendesha salama?"

"Miaka ishirini na sita. Sijamgonga hata njiwa."

"Mguu wa breki ni mwepesi kama zamani?"

"Kama zamani."

Daktari akageuza kiti chake. "Na wewe, mama? Unapanda naye. Umeona nini?"

Audun alimtazama mkewe, akatikisa kichwa kidogo sana, kiasi ambacho daktari asingeona. Torill alikuwa ameshika mkoba kwa mikono miwili.

"Kioo cha pembeni amekikwaruza mara tatu tangu kiangazi," alisema. "Mwezi uliopita kulikuwa na mtoto na baiskeli pale kwenye makutano ya Danmarks plass. Nilipiga kelele mimi. Mguu wake ulichelewa. Baiskeli ilipita kiasi hiki." Akaonyesha kwa viganja, na viganja vilikuwa karibu kugusana.

Audun aliinamisha macho kwenye karatasi yake.

Daktari alizungumza polepole. Alisema kuna ugonjwa wa ubongo, Parkinson, ambao wakati mwingine huchukua pua kwanza, miaka kabla ya kuchukua mkono. Alisema hana uhakika, atampeleka kwa bingwa, kuna vipimo, kuna vidonge vinavyosaidia watu kwa miaka mingi. Kisha akasema kwamba, kwa aliyoyaona na aliyoyasikia, sheria inamtaka amkataze kuendesha, kuanzia leo, miezi sita, na kwamba leseni ya kubeba abiria huenda isirudi tena.

"Nina ukaguzi kesho," Audun alisema.

"Gari linaweza kukaguliwa. Wewe huwezi kuendesha."

Torill ndiye aliyeshika usukani kurudi. Hakuwa amewahi kuiendesha teksi hiyo. Audun aliketi upande wa abiria, mahali pa Mwalimu Borghild, magoti yakigusa dashibodi. Walivuka daraja.

"Ungenyamaza tu," alisema mwishowe. "Nilikuapisha habari za gari. Sikukuapisha habari zangu."

"Ningenyamaza, halafu?"

"Halafu kesho ningepita ukaguzi."

"Halafu ungemgonga yule mtoto."

"Hakugongwa!"

"Kwa sababu nilikuwepo!" Torill alisimamisha gari kwenye kituo cha basi, akaegemeza paji la uso kwenye usukani. Basi likaja nyuma yao, likapiga honi, likapiga tena. Dereva wa basi alishusha kioo akatukana kwa lafudhi ya hapa hapa mjini, tusi refu la kuchekesha, la aina ambayo siku nyingine Audun angelijibu kwa tusi refu zaidi. Leo aliinua mkono kuomba radhi. Mkono ulitetemeka mbele ya kioo, akaushusha akaukalia.

*

Ijumaa Kjartan aliingia kwenye teksi, akafunga milango na vioo, akawasha feni. Akavuta pumzi. Akazima, akawasha kiyoyozi, akavuta tena. Akafungua mlango akiwa anatabasamu.

"Mzee Audun! Umefanya nini? Hata mtoto mchanga ningemlaza humu. Jumatatu unaendelea kama kawaida. Nitaipigia hospitali mwenyewe."

Audun alikuwa amesimama chini ya paa, mikono mfukoni. Torill alikuwa kando yake na funguo.

"Nimekuja kurudisha taa," Audun alisema.

"Taa gani?"

"Ya teksi. Ile ya juu."

Kjartan alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Mzee, umekasirika kwa maneno ya wale vijana? Achana nao. Nitawasema."

"Sijakasirika. Naumwa. Sitakiwi kuendesha."

Wale madereva watatu walikuwa pale pale mlangoni na vikombe vyao. Safari hii hakuna aliyecheka. Aliyetania juu ya pua ya mkewe alimwaga kahawa yake kwenye mfereji, akaenda kuleta ngazi. Ndiye aliyepanda kuifungua ile taa ya njano juu ya paa la gari, akaishusha, na kwa kuwa hakujua ampe nani, akampa Audun. Audun aliipokea kwa mkono wa kushoto. Palipokuwa taa palibaki alama ya duara, rangi ikiwa mpya kabisa, na matone ya mvua yakaanza kuangukia hapo.

"Nani atampeleka Mwalimu Borghild?" aliuliza.

"Tutapanga mtu," Kjartan alisema. "Usijali. Tutapanga."

"Anakaa mbele. Na ngazi ya tatu kwake ina utelezi."

"Nitaandika."

Hakuwa na kalamu. Aligusa mifuko yake, akasema ataikumbuka.

*

Jumamosi na Jumapili Audun alishika simu mara kadhaa ampigie Borghild, akaiweka. Alimwambia Torill kwamba habari kama hiyo haisemwi kwa simu, mtu huenda mwenyewe. Lakini kwenda kwa Borghild kulitaka gari au mabasi mawili, na hakwenda.

Jumatatu, saa moja na dakika kumi asubuhi, simu ililia mezani. Audun alikuwa amekaa mbele ya kipande cha mkate na jibini ya kahawia. Alikuwa amevaa shati la kazi, Torill hakumuuliza kwa nini. Aliitazama simu, hakuichukua. Torill akaipokea. Masikio ya Borghild yalikuwa mazito, naye kama viziwi wengi alipiga kelele, kila neno likasikika jikoni.

"Audun! Umechelewa dakika kumi. Nimesimama mlangoni kama mkusanya kodi."

"Ni Torill, Mwalimu. Audun hatakuja."

"Hatakuja leo?"

"Hatakuja tena."

Kelele ikakatika. Kisha, kwa sauti ya chini ambayo Torill hakujua kama ajuza yule anayo, "Amekufa?"

"Hapana, hapana. Anaumwa. Wamemkataza kuendesha."

"Wamemkataza kwa ajili ya ile harufu?"

"Harufu imeisha, Mwalimu. Gari ni safi."

Borghild hakusikia vizuri, au alisikia alichotaka. "Waambie ningeivumilia!" alipaza sauti tena. "Unanisikia, Torill? Waambie mimi sikulalamika hata siku moja. Ningefungua dirisha. Waambie wamrudishe, nitafungua dirisha tu!"

Audun alinyoosha mkono wa kushoto, akaichukua simu, akaiweka sikioni. Alikuwa ametafuta maneno siku mbili.

"Mwalimu," alisema. "Umelalaje?"

Lakini Borghild alikuwa ameshusha simu, hakuikata. Upande wa pili Audun alisikia mvua, hatua za mtu mwingine kwenye ngazi za mawe, na sauti ya kijana asiyemjua ikisema, "Nyuma, mama. Abiria wanakaa nyuma." Mlango wa gari ukafungwa.

Audun aliendelea kuishikilia simu sikioni hata baada ya simu kukatika.